Siku ya Tatu Imegoma Kufika

Usiku wa jana niliota siku ya tatu imegoma kufika nyumbani kwangu.

Kila mtu anajua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimerudi kutoka Bondeni, yaani Afrika Kusini, tangu mvua za mwaka jana, na kwangu bado ni siku ya pili. Kule nilikaa miaka kumi na moja nikichomelea mageti ya watu. Nimerudi kwangu Kiwira, kwenye nyumba niliyoijenga mimi, kwa mke niliyemuoa mimi, na nakaa sebuleni kama mtu aliyekuja kuposa.

Huku Rungwe kuna baridi. Watu wa nyumba hukaa jikoni, kwenye moto. Sebule ni ya wageni, na wageni wenyewe hawakai sana kwa sababu wanaganda. Basi mimi niko sebuleni na vitambaa vya makochi, nawasikiliza mke wangu Subilaga na binti yetu Atuganile wakicheka jikoni. Nikienda huko kicheko kinakatika. Subilaga anainuka, anafuta kigoda kwa kanga yake, halafu hanikalishi.

"Baba, moshi huu utakuumiza macho. Karibu sebuleni, chai inakuja."

Na chai inakuja kweli. Inakuja kwenye kikombe cha maua chenye kisosi, sukari imejaa mpaka kijiko kinasimama.

Wiki ile niliyofika nilinunua jembe jipya. Subilaga alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. "Pumzika kwanza, umetoka mbali." Mpaka jana lilikuwa na karatasi ya dukani kwenye bapa, nyekundu, yenye picha ya kifaru.

Hayo si ndoto. Ndoto inaanzia hapa.

Niko mezani. Atuganile amepiga goti, ananimiminia maji mikononi. Maji hayaishi. Subilaga anaweka bakuli mbele yangu, anasema karibu, anarudi nyuma mpaka anapotelea ukutani. Nafunua bakuli. Jogoo yumo mzima. Amekaa kwenye mchuzi mpaka kifuani kama mtu anayeoga mtoni, na kipande cha kitunguu kichwani.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa sababu alionekana amechoka.

"Marahaba. Kula upesi, kesho nina zamu nyingine."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuchinjwa. Mgeni huchinjiwa kuku. Wewe ndiye mgeni, mimi ndiye kuku. Tangu ulipofika nachinjwa kila siku. Unadhani napenda?"

"Si umwambie mke wangu."

"Nimwambie saa ngapi? Nikiwa na shingo, nakimbia. Nikisimama, sina shingo."

Nikaona ana hoja. Nikamuuliza kwa nini siku ya tatu haifiki. Akanitazama kama mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye ndiye mwalimu wa mwisho kunitazama.

"Siku inaletwa na nini?"

"Na jogoo akiwika."

"Na jogoo yuko wapi?"

Nikatazama bakuli.

"Basi," akasema. "Nisogezee chumvi. Na hiyo firigisi rudisha, usijifanye huioni."

Ilikuwa kwenye sahani yangu tayari, maana firigisi ni ya baba, na mgeni naye huwekewa. Nikairudisha. Jogoo akaipokea, akaitia mahali pake, akajifunga kifua kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Halafu akaniambia niende jikoni nikadai siku yangu, yeye ananisubiri. Akaongeza kwamba nikichelewa mchuzi utapoa, na yeye ana kifua kibovu.

Nikafungua mlango wa uani.

Kutoka mlango ule mpaka jikoni ni hatua chache tu, kuku mgonjwa anafika. Lakini uani hakupo. Mahali pake pana mpaka wa nchi. Kuna mlingoti umelazwa njiani, kuna malori, kuna foleni ya wageni wote waliowahi kukaa sebuleni kwangu, na mchungaji yuko mbele na biblia yake kwapani. Ng'ambo ya mlingoti naliona jiko letu, moshi unatoka, na kicheko kinatoka pamoja na moshi.

Ofisa wa mpaka ni kikombe cha maua. Amevaa kisosi kichwani kama kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa ni kazi ya watu wa nyumba. Wewe umeingia kwa ajili ya kutembea. Onyesha mikono."

Nikaonyesha. Mikono yangu ina makovu ya cheche za kuchomelea mpaka kwenye kiwiko. Kikombe akaikagua, akaigeuza, akainusa.

"Hii mikono imefanya kazi," akasema.

"Sana."

"Kwa watu wengine. Hapa haina hata tope. Lete jembe."

"Jembe ninalo. Liko nyuma ya mlango, nimelinunua mwenyewe."

Foleni nzima ikaguna. Mchungaji akatikisa kichwa.

"Jembe la siku ya tatu halinunuliwi," kikombe akasema. "Hupewi dukani, na hujichukulii ukutani. Unapewa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Mwenye nyumba? Asubuhi uliingia kwako ukasema nini mlangoni?"

 Nilikuwa nimepiga hodi. Nafanya hivyo kila siku, sijui kwa nini, mdomo unasema wenyewe.

"Nani mwingine?" kikombe akauliza, tayari akitazama nyuma yangu.

Hapo nikamwona Subilaga. Amesimama ng'ambo ya mlingoti na mwiko mkononi, hana ile kanga mpya anayoivaa ninapokuwapo, ana ile iliyochakaa. Sijawahi kumwona ameivaa tangu nirudi. Nikamwita.

"Mama Atu! Nipe jembe!"

"Mgeni hapewi jembe siku ya pili, baba."

"Hii siku ya pili imekaa tangu mvua za mwaka jana!"

"Ndiyo. Imekaa vizuri. Nimeizoea."

"Lakini kwa nini?"

 Alikoroga hewa kwa mwiko kama inaungua.

"Mgeni akiondoka," akasema, "haumizi mtu. Kuondoka ndiyo kawaida yake. Tunamsindikiza mpaka barabarani, tunarudi tunaosha vyombo. Mwenye nyumba akiondoka ndiyo kazi. Mimi nimeshaifanya hiyo kazi. Siiwezi mara ya pili."

"Nani amekwambia naondoka?"

"Sanduku lako limesimama."

Na papo hapo tuko chumbani. Sanduku langu la matairi liko pembeni ya kitanda, wima, mkono wake umevutwa juu, kama mtu aliyesimama kituoni. Ni kweli nimeliacha hivyo tangu nirudi, limejaa. Nilikuwa natoa shati moja moja.

"Usinitazame mimi," sanduku likasema. "Mimi sijalala tangu tufike. Magoti yameisha. Kila asubuhi nasema leo tunaondoka, wewe unatoa soksi."

"Lala basi."

"Nitalalaje na hawa watu tumboni?"

Nikafungua zipu. Zikatoka Krismasi.

Zilitoka moja moja, kwa adabu, zimelowa mvua, zikifuta miguu. Zilikuwa kumi na moja, zile zote ambazo sikurudi. Zikaketi kitandani, nyingine zikaketi kwenye sanduku la nguo, moja ikauliza kama hapa wanachinja kuku. Jogoo akakohoa kule sebuleni.

Moja ilikuwa imebeba jino la utoto la Atuganile, limefungwa kwenye karatasi. Nyingine ilibeba bati lililong'olewa na upepo, lile ambalo Subilaga alilipigilia mwenyewe juu ya ngazi, na misumari ilikuwa bado mdomoni mwa Krismasi ile, kwa hiyo haikuweza kusalimia. Nyingine haikubeba kitu ila sahani moja safi iliyofunikwa. Ya saba ilikuwa na koleo lenye udongo wa kaburi la mama yangu. Hiyo haikuketi.

"Mbona hamkuniita?" nikauliza.

"Tulikuita," ile ya koleo ikasema. "Ukatuma salamu."

Hakuna iliyosema kwa ubaya. Zilisema kama watu wanaoeleza bei ya chumvi. Nikaanza kueleza habari za vibali, na tajiri wangu, na nauli. Zikanisikiliza mpaka mwisho. Ile yenye misumari mdomoni ikaniitikia kwa kichwa, maana nadhani ilinihurumia. Halafu zikasimama, zikapita mbele ya Subilaga, kila moja ikampa mkono, zikatoka nje kwenye mvua. Hazikutaka kusindikizwa.

Sanduku likabaki tupu. Likayumba, likaanguka ubavu, likaanza kukoroma.

Subilaga alilitazama sanduku lile kwa muda mrefu. Akaligusa kwa kidole cha mguu. Halikuamka. Akaenda nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa hapo hapo chumbani, akatungua jembe. Hakunipa kwa mikono miwili. Alinirushia.

"Shika. Magugu yamejaa kwenye migomba. Na usinikatie maharage."

Nikadaka. Jembe likashtuka.

"Taratibu," likasema. "Na mimi ndiyo siku yangu ya kwanza kazini."

Sasa niko shambani, kati ya migomba, mvua inanyesha ile yetu isiyo na haraka. Nimevaa raba zangu nyeupe za Bondeni ambazo nazitunza kwenye boksi. Matope yamefika kwenye kamba. Nainua jembe, nashusha. Nainua, nashusha. Jembe linalalamika kwamba nalishika kama mashine ya kuchomelea. Naliambia linyamaze. Nimelima mstari mzima, najisikia vizuri, nageuka nyuma kutazama.

Nimekata maharage yote ya mstari ule. Magugu yamesimama salama.

"Mama!" Atuganile akapiga kelele kutoka mlango wa jikoni. "Mama, njoo uone! Baba analima kama anapiga deki!"

"Mwache," Subilaga akajibu. "Bondeni wanalima lami."

Wakacheka. Niliwatazama moja kwa moja, wakanitazama, na kicheko hakikukatika. Wakaendelea. Atuganile alishika mlango asianguke. Mimi nimesimama pale na jembe na aibu yangu, mvua inaingia shingoni, na sikutaka waache.

Hapo jogoo akawika. Aliwika akiwa juu ya paa, ana shingo yake, ana kitunguu bado kichwani.

Nikaamka.

Niliamka kwa sababu nilivutwa mguu.

"We baba Atu! Ndiyo nini hii?" Subilaga alikuwa amesimama upande wa miguuni, amekunja shuka mkononi. "Shuka nimefua jana, jua lenyewe la kuvizia, unaniletea matope kitandani? Mguu gani huu, wa mtu au wa ng'ombe?"

Nilitazama. Miguu yangu ilikuwa na matope mpaka kwenye kifundo. Nikataka kusema nilikuwa naota. Nikaona si jibu la mtu mzima.

"Na usinitazame hivyo. Ondoka nitoe shuka. Au tuseme toa mwenyewe, ufue mwenyewe. Mimi si dobi wako."

Mke wangu alikuwa hajanigombeza tangu nirudi. Nikakaa kitandani namsikiliza mpaka akamaliza, na alipomaliza nikasikitika. Alipotoka niliinua mguu nijifute. Chini ya unyayo wa kulia, kwenye kisigino, palikuwa na karatasi nyekundu imegandamana. Nikaibandua. Ilikuwa na picha ya kifaru.

Nilikwenda jikoni bila kupiga hodi. Hakuna aliyeinuka. Nikavuta kigoda mwenyewe. Atuganile alikuwa anapuliza moto.

"Shikamoo baba. Sogea, unaziba."

Nikasogea. Chai ilikuja kwenye kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono, na haikuwa na sukari ya kutosha. Nilipoonja nikakunja uso.

"Sukari iko kwenye kopo," Subilaga akasema, mgongo kwangu. "Kopo huna macho ya kuliona?"

Jogoo alipita mlangoni, mzima, akanipita bila salamu.

Gharama ya siku ya tatu ni hii. Raba nyeupe, ambazo nimezikuta nje ya mlango na hazifai tena hata kwa kulimia. Shuka moja, ambayo nimeifua mimi na bado ina doa. Mstari mmoja wa maharage, ambao nimekwenda kuutazama mvua ilipokatika, na kweli umekatwa wote, na magugu yamesimama. Hivyo vitatu ni vya usiku wa jana. Krismasi kumi na moja nilizilipa zamani, moja moja, nikiwa mbali, na mama yangu alikuwa ndani ya mojawapo.