Pikapu Ilale Kwa Nani

Krrt, krrt, krrt. Kimya. Kisha tena, krrt.

Mama Kadogo alifumbua macho gizani akatega sikio. Sauti ilitoka nje, upande wa stoo, pale pikapu inapolala. Alitaka kumwamsha mumewe, akaghairi. Mwenyewe alikuwa akikoroma taratibu, na mkoromo ule ulimpa raha. Akajigeuza, akalala.

Kulipokucha pikapu iligoma kuwaka. Mumewe alifungua boneti, akapiga mluzi. "Waya zimekatwa tena."

"Waya hazijikati zenyewe," alisema Mama Kadogo, akimpa kikombe cha chai. "Jiulize nani anafaidika."

"Unamsema nani?"

"Sijataja mtu."

"Dada yangu? Apande ukuta ule, na mwili ule?" Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kicheko chenyewe ndicho kilichomchoma. Alicheka kama mtu anayekumbuka kitu kizuri.

Pikapu hiyo mumewe na dada yake waliinunua kwa kuchangiana. Dada alioka mikate, kaka akaisambaza madukani. Ndiye dada aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na hakuacha mtu asahau: alijua kaka yake anapenda sukari kiasi gani, alijua shati lipi linamwasha shingoni. Tangu pikapu ianze kuharibika, wimbo wake ulikuwa mmoja. Ilale kwangu, uani kwenye saruji, nyuma ya geti. Mama Kadogo aliujua mwisho wa wimbo huo. Mumewe angeondoka alfajiri kwa miguu, anywe chai kwenye meza ya dada yake, arudi usiku kulala tu kama mpangaji. Kile kipande cha asubuhi, wamekaa mlangoni na vikombe vyao kabla watu hawajaanza kumwita huku na kule, ndicho pekee alichokuwa nacho. Hakuwa tayari kukigawa.

Fundi wa umeme wa magari alifika jua lilipochomoza vizuri. Wifi naye hakuwa mbali, alishuka kwenye pikipiki ya kukodi huku akivuta gauni lake.

"Hamjambo hapa?" alisema, na tayari alikuwa anamfuta kaka yake grisi shavuni kwa kidole gumba. "Umekonda, wewe. Umekula?"

"Amekula," alidakia Mama Kadogo. "Tena ameshiba."

"Sikukuuliza wewe, wifi. Nimeliuliza tumbo lake."

"Basi limejibu."

Fundi alikohoa, akazamisha kichwa ndani ya boneti. Alipoibuka alikuwa na kipande cha waya, akakiinua juani. "Huu haukukatwa kwa kisu, shemeji. Tazama, meno haya. Panya." Akaonyesha na vinyesi vyeusi juu ya betri, vimetapakaa kama mbegu.

Mama Kadogo alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Kesi nzima alikuwa ameshaihukumu.

"Panya anafuata nini kwenye chuma?" aliuliza mumewe.

"Joto, bwana. Unazima injini, bado ina moto, na mle ndani ni giza, ni pazuri kuzalia. Meno yake yanakua kila siku, lazima atafune, na waya ni laini. Mimi nitabadilisha hizi, nitazivisha mpira mgumu, na tundu la kuvutia hewa nitaliziba kwa wavu wa chuma. Lakini kukiwa na chakula karibu, mtaniita tena. Mwenye pumba, mwenye nafaka, aitie kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Usiku acheni boneti wazi, injini ipoe, panya hapendi uwazi. Mitego muiweke kwenye magurudumu, ndiko wanakopandia. Hizo pilipili wanazonyunyiza watu, harufu inaisha, panya anabaki."

Mwenye pumba. Gunia la pumba za kuku wake lilikuwa limeegemea ukuta wa stoo, limetoboka chini. Alikuwa akifagia zilizomwagika na kuwalaumu kuku.

"Sasa hao panya ni wa wapi?" aliuliza wifi. "Maana kama ni wa hapa, maneno yamekwisha. Pikapu inakuja kwangu leo."

Mumewe alijikuna kichwa. "Hapo ana haki, Mama Kadogo. Mikate haingoji."

"Ni wa kwako, wifi." Ilimtoka kabla hajaipima. "Pikapu inashinda mlangoni kwako ikipakia. Unga uko kwako mpaka kwenye nyusi. Sisi hapa tuna nini cha kumvuta panya?"

"Inawezekana," alisema fundi. "Panya husafiri na gari."

Wifi alijigusa nyusi. "Nafagia kila siku," alisema polepole. "Ila unga ni unga."

Ilikuwa tamu. Mama Kadogo aliimung'unya kimoyomoyo kama pipi.

Fundi aliingiza mkono nyuma ya betri, akachomoa bonge la manyoya, majani makavu na karatasi, akalitupa chini miguuni pao. Likapasuka. Katikati yake palikuwa na kipande cha sufu ya njano, chenye kisigino kilichotiwa kiraka. Kiraka hicho alikishona yeye mwenyewe, na soksi hiyo ya mwanawe aliitafuta mpaka chini ya magodoro. Alisogeza mguu mbele, akaikanyaga, akaliacha gauni lake lifunike ndala.

"Basi ilale hapa hapa," alisema mumewe. "Dada, wewe kwanza kasafishe kwako."

"Nitanunua mitego leo." Wifi alimgeukia Mama Kadogo, na uso wake haukuwa na ubosi wowote. "Unisamehe, wifi. Nimekuchosha na habari za geti langu. Yule nimemzoea tu. Nyumba bila yeye imekuwa kubwa."

Mama Kadogo aliukandamiza mguu wake zaidi chini. Mumewe alikuwa anamtazama kwa tabasamu, akisubiri ajibu vizuri.

Kadogo alitoka ndani akipikicha macho. Alichuchumaa kati ya miguu ya watu wazima, akakichunguza kiota, akainua pindo la gauni.

"Mama, umekanyaga soksi yangu."