Walio Chini ya Kitale

Machi 1995, mvua ikiwa imeshaanza mlimani, kompyuta ya ushirika wetu wa mbegu iliamua kwamba Chwele ya bondeni iko juu kuliko Kapsokwony ya mlimani.

Rispah, mkuu wa ghala letu la Bungoma, alinipigia simu ofisini Kitale. "Mzee Wakhungu, hiyo mashine yenu imelewa? Ati watu wa Chwele wapewe mbegu ya mlimani! Si hiyo mahindi itakomaa Krismasi?"

"Zuia lori, mama."

"Linapakiwa. Mwenyekiti amesema tufuate kompyuta. Harakisha, baba."

Chwele ni kwetu. Mbegu ile ingefika huko, msimu wao ungekuwa umepotea.

Programu tuliiandika mimi na Kibiwott, niliyesoma naye masomo ya jioni. Ilichukua mwinuko wa shamba, ikatoa humo mwinuko wa Kitale, kisha ikachagua mbegu: juu ya sifuri ya mlimani, chini yake ya bondeni. Kibiwott ni mtu wa mlimani. Kwake Kitale ndiyo sakafu ya dunia. Tulijaribu mashamba ya juu tu, yakatoka sawa.

"Mzee," Kibiwott akacheka kando yangu, "hata kompyuta inashangaa kama huko bondeni kuna watu."

"Cheka tu. Wakwe zako wako Naitiri, chini ya Kitale pia."

Akavuta kiti.

Niliingiza Chwele peke yake. Jibu lilipaswa kuwa chini ya sifuri. Likatoka kwa mabilioni. Mlima wa namna hiyo ungetoboa mbingu. Hapo nikakumbuka nilichosoma. Katika toleo la zamani la C, lugha tuliyoandikia programu, namba fupi zisizo na alama ya kutoa hubaki hivyo hata zikitolewa: zikikosa nafasi chini ya sifuri, huzunguka na kutokea juu kabisa. Katika C sanifu, hesabu ileile hutoa jibu hasi. Sentensi moja, sheria mbili. Sisi tulikuwa chini ya sheria ipi?

Nikafungua Makefile, faili linaloiambia mashine jinsi ya kuunda programu. Kwenye mstari wa maagizo ya kompaila, inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, palikuwa na neno -traditional, yaani sheria za zamani. Faili tulilinakili kutoka kompyuta kuukuu ya chuo, tukarithi koti pamoja na viraka vyake. Nikalifuta neno hilo, nikaandika -ansi, yaani C sanifu, nikaamuru make iunde programu.

Mashine ikajibu kwamba hakuna kipya cha kufanya. Chwele ikabaki mbinguni.

"Si nilijua, bana!" Kibiwott akapiga meza. "Tuandike hesabu upya."

"Hesabu haina kosa. Make inaangalia kama maandishi ya programu yamebadilika. Haijali kama sisi tumebadilisha sheria."

Nikafuta vipande vyote vilivyoundwa zamani, nikaamuru tena. Safari hii mashine ilifanya kazi tangu mwanzo. Chwele ikashuka chini ya sifuri. Naitiri ikaifuata. Kapsokwony ikabaki juu, mahali Mungu alipoiweka.

Nikapiga simu ghalani. "Rispah! Shusha hayo magunia!"

Kupitia simu nilisikia magunia yakigonga sakafu, na sauti yake ikiwapita wapakiaji wote: "Teremsha! Chwele ni mbegu ya chini! Ya chini, nimesema!"

Agosti nilimkaribisha Kibiwott Chwele. Shamba la dada yangu Nekoye lilikuwa limekomaa, mahindi mazito hadi mabua yameinama. Kibiwott alimaliza hindi moja la kuchoma, akaomba la pili.

"Nenda kachume ya kwenu mlimani," nikamwambia.

"Bado machanga, mzee," akasema, mkono ukiwa tayari jikoni.