Wawili Washuke, Wawili Wapande

Mtu aliyewahi kushika kamba za meli ya anga pale Friedrichshafen, mji wa Ujerumani unaotazamana na Uswisi ng'ambo ya ziwa, hana haja ya kujitambulisha. Mketishe mezani tu, utamjua. Ataomba chumvi kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Gebhard Knöpfler alikuwa mmoja wao, tena wa kupigiwa mfano. Miaka ishirini na saba alisimama chini ya tumbo la meli, injini tatu zikimngurumia kichwani, akitoa amri ileile: "Wawili washuke! Wawili wapande!" Maana meli ya anga si basi, ni puto refu la gesi lenye injini. Abiria wakimwagika wote kwa pamoja inakuwa nyepesi, na ikishakuwa nyepesi inataka kurudi mawinguni na rubani wake. Basi wanashuka wawili, wanapanda wawili, wanashuka tena wawili, mpaka waliotua wote wawe chini na wapya wote wawe ndani. Jioni, safari ya mwisho, kwa kuwa hakuna abiria wapya, washika kamba wenyewe ndio wanaopanda wawiliwawili kukalia viti, meli ipate uzito hadi ifungwe kwenye nguzo. Kazi ya kuhesabu hayo yote ilikuwa ya Gebhard. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kelele hizo hazikufika popote, zilimezwa na injini hatua ishirini tu kutoka mdomoni mwake. Waliozisikia ni wale waliokuwa kivulini mwa meli pamoja naye. Na mkewe, bila shaka, wakati wa chakula.

"Gebhard," Walburga alikuwa akimwambia, "sisi si viziwi. Mkate huo hapo, karibu na kiwiko chako."

"NIMEUONA!"

"Umeuona, vizuri. Na majirani nao sasa wamejua umeuona."

Walburga hakuwa na haja ya saa. Kila jioni meli ilipotua mara ya mwisho, mngurumo ulishuka taratibu, ukawa mzito, kisha injini ya nyuma ikakohoa mara moja na kunyamaza. Hapo alibandika maji ya tambi. Dakika ishirini baadaye Gebhard alikuwa mlangoni akivua viatu, tambi na dengu zimeiva, soseji ziko juu yake, na Walburga amesimama na upawa mkononi. Upawa huo aliuchonga babu yake Gebhard, mshika kamba wa zama za zile meli kubwa zilizokuwa ndefu kuliko kanisa na uwanja wake. Aliuchonga kwa bati la alumini la ubavu wa mojawapo ilipovunjwavunjwa. Mwepesi mno. Mgeni akiushika mara ya kwanza alidhani ni wa watoto kuchezea.

Hizo zilikuwa siku nzuri, na sioni aibu kusema hivyo. Hakuna aliyekuwa akizihesabu, kwa sababu nani anahesabu siku ambazo chakula kiko tayari na mtu wake yuko mlangoni?

Sasa Walburga alikuwa na miaka sabini na mmoja, na akili yake ilikuwa ikimwacha kidogokidogo, kama wageni wanaoaga mmojammoja. Alianza kusahau majina, kisha njia, kisha jiko likiwa linawaka. Akahamia, pamoja na upawa wake, nyumba ya wazee iliyo ukingoni mwa uwanja wa ndege, upande wa pili wa majani marefu. Gebhard, ambaye alikuwa amestaafu kwa ajili yake, alikwenda kumwona kila jioni kwa baiskeli.

Wakati wa baridi, meli ikiwa imefungiwa bandani, Walburga alimwita "bwana".

"Karibu, bwana. Umekuja kusoma mita ya maji?"

"Hapana, Burga. Nimekuja kukuona."

"Mita iko chini ya ngazi. Futa miguu tafadhali."

Gebhard alifuta miguu, akakaa kwenye kiti cha wageni kama mgeni, na saa moja baadaye akaaga. Alirudi nyumbani akila mkate na jibini kwa kusimama.

Lakini ikifika Machi, meli ikitolewa bandani, mambo yalibadilika. Jioni mngurumo uliposhuka, ukawa mzito, na injini ya nyuma ikakohoa, Walburga aliinuka kitini na kumwambia Annerose, muuguzi wake, "Dada, bandika maji. Gebhard anakuja." Na Gebhard alipoingia alimkuta mke wake. Mke wake kabisa, mwenye jicho la kuona shati lililokosa kifungo. Walipata saa moja hivi, siku nyingine mbili, wakazungumza juu ya Svenja binti yao, juu ya paa linalovuja, juu ya marehemu fulani aliyewadanganya kuhusu mti wa tufaha. Kisha ukungu ulirudi. Hiyo saa moja ndiyo ilikuwa ndoa ya Gebhard, yote iliyobaki.

Ndipo Svenja alipoleta habari. Svenja alikuwa rubani wa meli, mrefu kama baba yake, na tofauti na baba yake aliongea kwa sauti ya chini. Alikuja Jumapili na keki, na Gebhard akajua kuna jambo, kwa sababu Svenja hapendi keki.

"Baba, hii ya sasa inapumzishwa Oktoba. Mwakani tunaanza na ya umeme."

"Umeme mtupu?"

"Betri na mota. Mafuta hakuna hata tone. Baba, ungeiona! Ikitua unasikia majani yakilala. Juzi bandani nilisimama chini yake mota zikiwa zinazunguka, nikasikia shomoro wanagombana juu ya dari."

Gebhard alisukuma sahani ya keki mbali. "NA MAMA YAKO ATASIKIA NINI?"

Svenja aliirudisha sahani mbele ya baba yake. Ni kweli hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria ziwa, moshi, watoto wa watu watakaozaliwa kesho, mambo yote makubwa na ya haki ambayo kijana anapaswa kuyafikiria.

"Baba, siwezi kuizuia."

"Nimekuomba uizuie? Kula keki yako."

Oktoba meli ya zamani ilitua mara ya mwisho. Gebhard alisimama nje ya uzio pamoja na nusu ya mji, watu na termosi zao, wazee wengine wakijifanya macho yanawasha kwa sababu ya upepo. Injini ya nyuma ikakohoa. Gebhard alilia waziwazi, akapanda baiskeli akilia, akamkuta Walburga na upawa mkononi, naye akampangusa uso kwa aproni akamuuliza ni nani kamwudhi kazini. Hakumwambia. Walikula dengu. Alikaa hadi Annerose alipomgusa bega.

Baridi ile ilikuwa ndefu. Svenja, moyo ukimsuta, alikuwa amerekodi mngurumo wote kwenye simu, tangu juu ya ziwa hadi kile kikohozi. Annerose aliununulia spika nzuri, akaificha nyuma ya pazia, na saa kumi na moja na nusu akaiwasha. Gebhard alingoja koridoni, kofia mkononi, kama bwana harusi.

Walburga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, hiyo friji imekufa. Izimeni kabla haijaunguza nyumba."

Gebhard aliingia, akaelekezwa ilipo mita.

Mwezi wa Aprili kampuni ikamwandikia barua. Meli ya umeme ingebeba abiria kwa mara ya kwanza, na ingekuwa heshima kubwa kama Mzee Knöpfler angeongoza kushuka kwa abiria katika kutua kwa mwisho siku hiyo, kwa kumbukumbu ya zamani. Aliitupa kwenye kapu la karatasi za kuwashia moto. Svenja akaja akaiokota.

"Baba, mimi ndiye nitakayeshika usukani. Njoo kwa ajili yangu, basi. Usije kwa ajili ya meli."

"Nitakuja. Ila nisilazimishwe kutabasamu."

"Nani amewahi kukulazimisha?"

Basi alikwenda. Washika kamba wapya walimzunguka, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na spika za masikio na kijiti cha kuongelea mdomoni. Mkuu wao aliitwa Tilo, kijana wa adabu, mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu mkubwa.

"Mzee, vaa na wewe hii. Siku hizi tunanong'ona tu."

"Nivae mfupa wa kuku mdomoni? Ahsante, nimeshakula."

Walicheka. Hakuwachukia. Aliwauliza meli inarudi na upungufu gani wa uzito, wakamwambia hakuna: mafuta yalikuwa yakiungua njiani na meli kurudi nyepesi, lakini betri hurudi na uzito wake uleule. Gebhard aliitazama mikono yake. Miaka ishirini na saba alikuwa akibandika bega chini ya meli na kusema, bila kipimo, imekunywa kilo arobaini, imekunywa sitini, na hakukosea zaidi ya mara mbili. Ujuzi huo sasa haukuwa na pa kwenda.

Kisha ikaja. Hakuisikia, aliiona tu, nyeupe, ikitoka upande wa ziwa huku jua likiwa nyuma yake, na kwa kweli ilikuwa nzuri, jambo lililomkera zaidi. Ilishuka juu ya nyumba za watu na hakuna aliyeinua kichwa. Ilivuka paa la nyumba ya wazee. Kwenye baraza la ghorofa ya pili, mbali, aliona blanketi la bluu kitini, na juu ya blanketi kichwa cheupe ambacho hakikugeuka.

Hapo Gebhard alielewa kwamba ile saa moja yao imekwisha. Kamba zikaanguka, vijana wakazidaka, pua ikatulia, mlango ukafunguka juu ya kichwa chake, na mwili wake ukafanya ulichokuwa ukifanya miaka yote hiyo bila kumwuliza. Alijaza kifua hewa ya kushindana na injini tatu.

"WAWILI WASHUKE! WAWILI WAPANDE!"

Mama mmoja mlangoni aliangusha mkoba. Mbwa aliye nje ya uzio akaanza kubweka. Tilo aling'oa spika masikioni kwa mikono yote miwili, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mzee!" Tilo alisema akipangusa machozi. "Wamekusikia mpaka Uswisi!"

"Wanauliza washuke wapi!" msichana mmoja wa kamba ya nyuma akadakia.

Uso ulimwaka. Alijaribu kuishusha sauti, lakini koo la Gebhard lilikuwa na gia moja tu. Abiria walikuwa kumi, kwa hiyo alilazimika kuirudia mara nne zaidi, na kila mara mbwa alimjibu. Juu, dirishani, Svenja alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na Gebhard hakutaka kujua anacheka au analia. Meli ilipofungwa tu kwenye nguzo alichukua baiskeli yake bila kuaga mtu. Picha ya kumbukumbu walipiga bila yeye.

Aliendesha polepole kuuzunguka uwanja. Kwa nini aharakishe? Alipanga maneno. Hapana, si mita, mama. Nimepita kukusalimu tu. Ndiyo, nimefuta miguu.

Annerose alikuwa akimngoja chini ya ngazi, nywele zimemtimka, aproni imelowa.

"Mzee Knöpfler, mmefanya nini huko uwanjani?"

"Nisamehe, dada. Mazoea. Nimewaamsha wagonjwa?"

"Kuamsha? Nenda mwenyewe ukaone! Amenifukuza jikoni!"

Alipanda ngazi akishikilia ukuta. Mlango wa jiko dogo la ghorofa ulikuwa wazi, mvuke umejaa hadi darini. Walburga alikuwa amesimama mbele ya sufuria, blanketi la bluu limefungwa kiunoni kama kanga, upawa wa babu mkononi. Hakugeuka.

"Umechelewa," alisema. "Maji yamechemka mara mbili. Na hizo kelele zote za nini? Mara tano nimekuhesabu. Nilijua kifungo kitakatika tu."

Gebhard alijipapasa kifuani. Kifungo cha juu hakikuwepo. Koo lile la gia moja likapata gia ya pili.

"Burga," alinong'ona.

"Nini? Ongea tusikie." Alionja dengu kwa ncha ya upawa, akakunja uso, akaongeza siki. "Kesho piga kelele mapema kidogo. Hizi dengu mpya zinataka muda."