Siku Wifi Alipogonga Kadi Yangu

Afisa utumishi alinisogezea karatasi, akafungua kalamu mwenyewe, akanitilia mkononi kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kwa miaka kumi na saba niliyoshona zipu za suruali kiwandani pale, sikuwahi kukaribishwa kiti ofisini kwake. Siku hiyo nilikaa. Karatasi ilikuwa na sentensi tatu: kwamba siku ya moto nilikuwa zamu, kwamba kadi yangu niliigonga mwenyewe, na kwamba wifi yangu, mke wa kaka, sikumwona kiwandani.

Mbili zilikuwa uongo. Ya tatu ilikuwa kweli, maana mimi mwenyewe sikuwapo.

Asubuhi ya moto nilikuwa kliniki ya macho na mama. Kukosa zamu kulikuwa kufukuzwa, na ruhusa hatukupewa hata kwa msiba. Wifi, aliyeshona kiwandani humohumo, alikuwa na siku yake ya mapumziko. Nilimwomba agonge kadi yangu getini nihesabiwe kazini, akalie cherehani yangu, basi. Akaenda. Moto ulipoanza kwenye marobota ya vitambaa, mlango wa dharura ulikuwa na kufuli. Wifi alivunja dirisha kwa kiti, akawatoa wenzake sita, akatoka wa mwisho na mikono ambayo mpaka leo haikunji ngumi. Wanne walibaki ndani.

Nilimshukuru, tena kwa machozi. Kisha akaja mwanasheria wa haki za binadamu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwamba kampuni ya ng'ambo, ambayo lebo yake tuliishona kiunoni mwa kila suruali, inasema kiwanda si chake, yenyewe ni mnunuzi tu. Lakini alikuwa na barua yao, iliyoagiza milango ifungwe ili mali isiibiwe. Alitaka kuwashtaki kwao, mbele ya mahakimu wao, na kesi ilihitaji jina moja la kutangulia. Alimchagua wifi.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema kaka, ambaye anapenda methali kuliko kazi, tukacheka wote.

Mimi sikucheka sana. Picha ya wifi ilitoka gazetini. Akashonewa koti la safari ya ndege. Wanawake waliopanga foleni bombani wakaanza kumwita Shujaa, na mimi nimesimama hapo hapo na ndoo yangu. Ni mimi niliyemfundisha kushona. Ni mimi niliyembembelezea kazi kwa msimamizi. Kile kiti kilikuwa changu, na dirisha lilikuwa la upande wangu. Ilifika mahali nikauonea wivu hata ule moto, nikaanza kuwaambia wasionijua kwamba nami nilikuwa ndani.

Sasa mbele yangu palikuwa na karatasi iliyokubali kwamba nilikuwamo. Nikatia saini.

Wiki tatu baadaye mwanasheria aliisoma sebuleni kwa kaka, sisi wote tumekaa. Kampuni ilikuwa inadai wifi aliungulia jikoni kwake. Kadi inaonyesha wazi nani alikuwa kazini. Bila mtu wa kuieleza kadi ile, alisema, hata maneno ya wale sita hayatatosha, na kesi itafutwa kabla mahakimu hawajauliza lolote kuhusu mlango. Kaka aliniangalia, akainuka, akatoka nje.

Wifi hakupandisha sauti.

“Wifi, kama ni jina ulilitaka, si ungeniambia? Ningekupa. Mikono tu ndiyo nisingeweza kukupa.”

Kesho yake nilikwenda kula kiapo kwamba sikuwa kiwandani, na kwamba nilisaini uongo. Kabla ya adhuhuri nilikuwa sina kazi. Baadaye wakili wa kampuni alinihoji kwa saa tano kupitia kioo cha kompyuta. Kila aliponiita mwongo nilimkubalia, nikamwambia ni siku gani nilidanganya, mpaka akachoka yeye.

Mahakimu waliamua kwamba kampuni inaweza kushtakiwa kwao. Haikungoja hukumu. Ilikubali kuwatibu walioungua, kuzilea familia za wale wanne, na kuondoa kufuli katika kila kiwanda kinachoishonea. Kesi ile inafundishwa vyuoni kwa jina la wifi. Mimi humo ni shahidi wa tatu, mfanyakazi aliyebadili maelezo yake.

Mwaka jana walikuja wanafunzi wa sheria kumsalimu. Mmoja aliuliza mimi ni nani. Wifi ndiye aliyejibu, “Huyu ndiye aliyewaambia kwamba nilikuwepo.”

Wakaandika. Kisha wakaomba kumpiga picha, yeye peke yake, karibu na mwanga. Nilikusanya vikombe, nikasimama jikoni mpaka uso wangu ulipotulia, ndipo nikarudi.