Aliyechora Nyumba Hii Hakuwa na Mkwe

Kijiko kiligonga kikombe mara moja, kikanyamaza. Nje bado giza. Nikajua ni Njue, mume wa binti yangu Kinya, anakoroga chai akiogopa kuniamsha.

Nilikuwa nimetoka kijijini Kianjai kuja mjini Kinoru kumpakata mtoto wao wa kwanza. Wanakaa ghorofa ya nane, kwenye nyumba mpya za bei nafuu kando ya mto. Nyumba ni safi, maji yako bombani. Lakini kwetu mama mkwe hapishani ovyo na mkwe wake, wala halali kitandani kwake. Nilikuja na mkeka nikidhani nitalala jikoni, kama nyumbani. Kumbe jiko lenyewe linatosha mtu mmoja, tena akiwa amesimama! Na milango yote, wa chumba, wa choo, wa jikoni, inatazama kochi moja.

Njue aliniachia chumba, nikatandika mkeka kando ya kitanda cha Kinya na mtoto; yeye akalala kwenye balkoni katikati ya nepi zilizoanikwa. Usiku kucha nilimsikia akipiga chafya kwa baridi ya mto. Nikaamua nimwoshe mtoto asubuhi, niondoke, nisirudi kumtesa kijana wa watu.

Sasa nilitaka kwenda choo, nikakohoa mlangoni ili ajue.

"Mama," Njue akasema nyuma ya mlango, "nitaimba nikitembea. Nikinyamaza, nimefika balkoni. Upite."

Akaanza wimbo wa kanisa. Aliponyamaza, nikapita. Wakati wa kurudi nikaimba ubeti wa pili kwa nguvu, naye akadakia wa tatu kutoka nje.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Marcella, mjane wa mlango unaotazamana na wao, Biblia kwapani.

"Bwana asifiwe! Mmeanza maombi bila mimi?"

Kinya alicheka mpaka mtoto akaamka. Alipomweleza, Marcella akapiga makofi.

"Aliyechora nyumba hii hakuwa na mkwe! Dada, mimi nalala peke yangu. Uwe unalala kwangu. Mkweo akienda kazini, unavuka kumpakata mjukuu."

"Mama hukoroma," Kinya akamwonya.

"Nitaimba."

Basi nikamwosha mtoto polepole, bila haraka yoyote. Nikakaa wiki nzima.

Siku ya kuondoka, Njue alinibebea kikapu hadi chini, akitangulia, mgongo kwangu kwa heshima. Kwenye lango akasimama bila kugeuka.

"Mama, rudi kabla mtoto hajaota meno."