Alizeti za Mgeni Rasmi

Nimelima bustani za watu miaka thelathini, lakini alizeti zisizoruhusiwa hata kudonolewa na kuku niliziona kwenye kiwanja kile tu. Zamani palikuwa na karakana ya betri. Karakana ikafa, ikatuachia madini ya risasi kwenye udongo, sumu ya kudumaza akili za watoto. Wakubwa wetu, kwa busara zao, wakaamua hapo hapo ndipo pa kujenga chekechea. Mjukuu wangu alikuwa wa nne kwenye orodha, na chekechea nyingine mtaani hakuna.

Binti wa maabara ndiye aliyeleta mbegu. Akanieleza kwamba alizeti huinyonya risasi kwa mizizi na kuipandisha hadi kwenye majani.

"Ila sikiliza, bibi. Zing'oeni kabla hazijakauka, na mizizi yake. Tieni kwenye magunia, lori lizipeleke kwenye shimo la taka za sumu. Zikiozea hapa, tumetwanga maji kwenye kinu."

Misimu minne nikang'oa, nikafunga magunia. Kipimo kikawa kinashuka. Ukabaki msimu mmoja tu, na mimi nikaanza kumshonea mjukuu sare.

Siku ya kung'oa akatokea meneja wa mradi. Sisi vibarua tulimwita Bwana Hafla, maana huyo hata akinunua ufagio lazima akate utepe.

"Acha hapo hapo, mama! Wiki ijayo anakuja mgeni rasmi. Atapiga picha na nini, na mashimo?"

"Lakini mzee, binti amesema..."

"Binti amesomea udongo. Mimi nimesomea watu."

Haya, tukasubiri. Mgeni rasmi akaahirisha mara moja, mara mbili, mara tatu. Alizeti hazina habari na ratiba za wakubwa: zikainama, zikakauka, majani yakapukutika. Nikaokota mpaka kiuno kikagoma. Bwana Hafla alipoona kiwanja kimekuwa kibaya, akaleta trekta, likazikatakata zote na kuzifukia humo humo, kisha ukatandazwa ukoka juu yake.

"Mbolea hiyo, mama! Tena ya bure!"

Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba kibao.

Asubuhi ya hafla binti wa maabara akapima. Risasi ya msimu mzima imerudi, tena iko juu juu, pale pale watoto watakapochezea. Alipompelekea Bwana Hafla karatasi, akaambiwa asilete nuksi. Kisha bwana huyo akapanda jukwaani, akatangaza: "Tumesafisha udongo bila kutupa hata jani moja!" Watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akiongoza.

Uvumilivu ukanishinda. Nikasimama.

"Samahani, mgeni rasmi. Nina swali kwa meneja wetu. Mzee, na wewe una mjukuu wa rika la wangu. Yuko namba ngapi kwenye orodha?"

Bwana Hafla akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Wangu... vumbi linamsumbua. Tumempeleka shule nyingine."

Watoto walikuwa wameshaanza kuvua viatu ili waukimbilie ukoka. Nikamdaka mjukuu wangu, nikambeba mgongoni, miguu yake isiguse chini, nikashika njia ya getini. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akimwita mwanawe kwa sauti kali, kisha mwingine, kisha wote.