Mpangishaji wa Enda

Foleni ya kumpa pole mama yake Enda ilianzia barabarani, ikapitia jikoni kwenye chai na mikate ya nyama ya nguruwe, ikaishia sebuleni kwenye jeneza. Colman Geraghty alikuwa katikati yake, kofia mkononi, kama jirani yeyote.

Haki ya Mungu, mahali pake hapakuwa pale. Kando ya jeneza vilipangwa viti vya wafiwa, wanaokaa kushikwa mikono. Nani kafiwa kuliko yeye? Alilala kitanda kimoja na Enda Tuohy tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

Huko Dublin Colman hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema redioni kwamba mwanamume kumpenda mwanamume si jinai wala wazimu, sheria na iseme itakavyo. Akafukuzwa ualimu, akarushiwa mayai, akarudi barabarani na bango lake. Enda ndiye aliyempigia pasi mashati ya kwenda kurushiwa mayai. Kuandamana yeye mwenyewe, hata. "Mimi na aibu yangu tumezoeana," alikuwa akisema, na Colman, aliyewasaidia vijana wengi kujikubali, alishindwa na huyu mmoja wa nyumbani. Karibu na mwisho Enda alimwapisha asimwambie mama yake neno. "Akijua, nitakuwa nimekufa mara mbili."

"Songa basi, bwana mkubwa," mzee mmoja akamsukuma kwa nyuma. "Ukizubaa hivyo marehemu atatoka kabla yetu."

Kiti cha kwanza alikaa Fergal, kaka yake Enda. Colman alipompa pole, alimminya mkono mpaka ukauma.

"Sauti yako naijua, wewe. Redio tunazo hata huku kijijini. Mpe mama pole, kunywa chai, uende zako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ni nani huyo, Fergal?" mama akauliza.

"Mpangishaji wa Enda, mama."

"Ahaa, Bwana Geraghty!" Uso wa bibi kizee ukachangamka. "Mwanangu alikusifu sana. Alisema unapika vibaya lakini una roho nzuri."

Colman alitaka kucheka, akajikuta anameza machozi. Mama akamvuta karibu kwa mkono uleule.

"Niambie wewe uliyekaa naye nyumba moja. Mwanangu alikufa peke yake?"

Watangazaji wenye ndimi kali hawakuwahi kumkwamisha hivyo. Alimtazama Enda, rozari imezungushwa vidoleni, nywele zimechanwa upande asioupenda, akakumbuka kiapo.

"Nesi alikuwepo, mama."

"Nesi." Mkono wa bibi ukalegea. "Kwa hiyo kafia mikononi mwa mtu baki. Mtoto wangu, jamani."

Colman hakuweza kustahimili. Kuwaza kwamba mama ataenda kaburini na picha ile kichwani kulimshinda kabisa.

"Hapana, mama. Nimekudanganya, nisamehe. Nilikuwa mimi. Nilipanda kitandani nikamkumbatia mpaka mwisho. Mimi si mpangishaji wake. Sijawahi kuwa."

Fergal akasimama. Vikombe vilinyamaza mpaka jikoni.

"Kaa chini, Fergal," mama akasema.

Alimkodolea Colman macho, mkono hajamwachia. Hakumlaani wala hakumkaribisha. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, na alilitoa kwa sauti ndogo, kama anayeomba.

"Aliniita?"

Enda hakumwita. Siku ile nzima, mpaka pumzi ilipokata, alitaja jina moja tu, Colman, Colman, hata alipokuwa hamtambui tena aliyemshika. Colman alikuja na jina hilo kwenye treni akilirudia moyoni njia nzima. Kingine chochote cha Enda hakuwa nacho, maana maiti, kaburi na hata haki ya kulia vilikuwa vya watu hawa.

"Alikuita, mama," akasema. "Tangu asubuhi mpaka mwisho. Ni wewe tu uliyekuwa mdomoni mwake."

Mama akaangua kilio, akamwachia mkono ili ajifunike uso. Mzee wa nyuma akasogea kuchukua zamu yake, na Colman akapita.